Kibaba cha Kupimia Wanafunzi

Nafasi zikiwa chache na waombaji wakiwa wengi, ni nani apewe? Kila mzazi mwenye mtoto shuleni amekwisha kujiuliza swali hili, na kila mwalimu aliyepata kuandika orodha ya majina anaujua uzito wake. Wako wasemao, "Apewe aliyeshinda mtihani." Wako wasemao, "Apewe mwenye tabia njema." Wengine husema, "Apewe maskini, maana tajiri ana njia nyingine." Na wengine hawasemi neno, bali huenda usiku na kitu mkononi. Mwezi huu twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za chuo kimoja kikubwa cha Marekani, jinsi kilivyolijibu swali hili kwa muda wa miaka mia na zaidi, na jinsi kila jibu lilivyozaa swali lingine. Tumekichagua chuo hicho kwa kuwa mambo yake yameandikwa, barua za wakuu wake zimehifadhiwa, na mashauri yake yamesikizwa mbele ya majaji. Kwa hiyo hatusimulii uvumi.

Kwanza tukumbuke jambo la sokoni. Mwuza nafaka mwenye vibaba viwili, kimoja kikubwa cha kununulia na kimoja kidogo cha kuuzia, ni mwizi, nasi twamjua kuwa ni mwizi. Walakini yuko mbaya kuliko yeye, ni yule apimaye nyuma ya pazia. Yule wa kwanza twaweza kumshika na vibaba vyake, tukampeleka kwa jumbe. Huyu wa pili twapokea tu tulichopewa, tukaenda zetu, wala hatuna la kusema. Wasomaji na walishike jambo hili mpaka mwisho wa habari hizi.

CHUO NA MLANGO WAKE WA KALE

Chuo chenyewe huitwa Harvard, nacho kiko katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, upande wa mashariki wa Marekani. Kiliwekwa mwaka 1636 na Waingereza waliovuka bahari kwa ajili ya dini yao. Watu hao waliogopa ya kwamba wachungaji waliokuja nao wakiisha kufa, makanisa yataachiwa watu wasio na elimu. Mwaka 1638 mchungaji mmoja kijana, John Harvard, alifariki, akakiachia chuo nusu ya mali yake na vitabu vyake, yapata 400. Ndipo chuo kikaitwa kwa jina lake.

Tangu siku hizo kimekua mno. John Adams, Theodore Roosevelt, Franklin Roosevelt na John Kennedy, wote waliokuwa marais wa Marekani, walisoma hapo. Hata sisi watu wa Afrika ya Mashariki tuna sababu ya kukijua, maana Barack Obama mzee, Mjaluo wa Kenya, alisoma elimu ya uchumi huko katika miaka ya 1960, na mwanawe, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu 2009 hata 2017, alimaliza masomo ya sheria huko mwaka 1991. Basi kuingia Harvard si kupata elimu tu, bali ni kukaa karibu na mlango wa utawala. Ndiyo sababu watu hugombea kuingia.

Hapo kale desturi ya kuingia ilikuwa nyepesi kueleza. Chuo kiliweka mtihani wa Kilatini, Kiyunani, hesabu na mengineyo. Kijana aliyeshinda aliingia, wala hapakuwa na hesabu maalum ya kusema, "Wametosha." Kwa kutazama mlango huo ulikuwa wa haki, maana karatasi haijui mtoto wa nani ameiandika. Lakini ni nani aliyefundishwa Kilatini na Kiyunani? Ni watoto wa matajiri, waliosomeshwa katika shule za bweni zenye ada kubwa, kama ile ya Groton iliyofunguliwa mwaka 1884. Mtoto wa mkulima au wa fundi, hata akiwa na akili kama moto, mara nyingi shule ya kwao haikumfundisha lugha hizo. Mlango ulikuwa wazi, ila njia ya kuufikia ilipita katika shamba la tajiri.

Jambo hilo lilisemwa sana, na taratibu likaanza kugeuzwa. Mwaka 1900 vyuo kadhaa viliunda baraza moja la mitihani, ili mtoto asifanye mtihani mwingine kwa kila chuo, na mwaka 1901 watahiniwa 973 wakaufanya mtihani huo wa kwanza. Mwaka 1911 Harvard ikafungua njia mpya, hata wavulana wa shule za serikali wapate kuingia kwa maksi za shule yao pamoja na mitihani michache. Aliyeifungua njia hiyo ni mkuu wa chuo mwenyewe, Abbott Lawrence Lowell, aliyeshika kazi mwaka 1909. Wasomaji walikumbuke jina lake, maana mkono ule ule uliofungua ndio uliokuja kufunga.

WAGENI WAJA, NAO WASHINDA

Tangu mwaka 1881 Wayahudi wa Urusi na nchi za jirani walianza kukimbia kwao kwa ajili ya umaskini na mateso. Hata ilipofika mwaka 1924, Marekani ilipoweka sheria kali ya kuwazuia wahamiaji, yapata milioni 2 walikuwa wamekwisha kuvuka bahari. Walifika na mizigo midogo, wakakaa katika vyumba vya kubanana vya New York na Boston, wakashona nguo na kuchuuza bidhaa njiani. Lakini kitu kimoja walikileta kizima, nacho ni heshima ya kitabu. Watoto wao waliingia shule za serikali zisizo na ada, wakasoma mchana na usiku, kisha wakaufanya mtihani wa vyuo, wakashinda.

Mwaka 1900, katika kila wanafunzi 100 wa Harvard, Wayahudi walikuwa yapata 7. Mwaka 1922, katika wanafunzi wa mwaka wa kwanza, walikuwa 21 na zaidi katika kila 100. Katika chuo cha Columbia, kilichoko New York kwenyewe, walikuwa wamefika yapata 40 katika 100, mpaka wakuu wa chuo hicho wakaweka masharti mapya yaliyowapunguza karibu nusu. Hapo ndipo mtihani ulipoanza kuchukiwa na wale wale waliousifu. Zamani walisema, "Aliyeshinda na aingie." Walioshinda walipokuwa watoto wa wachuuzi, ikasemwa ya kwamba mtihani peke yake hautoshi.

SHAURI LA WAZI LASHINDWA

Bwana Lowell hakuficha nia yake. Mwaka 1922 alishauri ya kwamba Wayahudi wasizidi 15 katika kila 100. Aliwaza kwamba wakizidi, wanafunzi wengine watakikimbia chuo. Tena alisema kwamba kuwapunguza ni kwa faida yao wenyewe, maana chuki huongezeka kadiri wanavyoongezeka. Twaona mawazo ya namna hii ni ya kale, nayo hayajafa. Mtu hupigwa, kisha huambiwa kwamba akiondoka hatapigwa tena, kana kwamba kosa ni la mgongo wake.

Mwaka huo huo karatasi ya maombi ya Harvard ikaanza kuuliza mambo ambayo haikuyauliza zamani: kabila na rangi ya mwombaji, dini yake, jina la mama yake kabla hajaolewa, na mahali alipozaliwa baba. Hata iliulizwa kama jina la kijana au la babaye limepata kubadilishwa tangu kuzaliwa. Maana ya swali hilo haikufichika. Wahamiaji wengi walikuwa wamegeuza majina yao yapate kutamkwa na Wamarekani, na chuo kilitaka kujua nani amejificha katika jina la Kiingereza.

Wakati ule ule likatokea jambo jingine. Lowell alikataza wanafunzi weusi wasilale katika nyumba za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambazo wenzao Wazungu waliagizwa kulala humo. Mwaka 1923 alimwandikia hivyo Roscoe Conkling Bruce, aliyemwombea mwanawe nafasi. Bruce huyo alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Harvard, aliyemaliza mwaka 1902 kwa sifa nyingi. Na baba yake, Blanche Bruce, alizaliwa mtumwa akawa mjumbe wa Baraza la Seneti la Marekani. Barua hizo zilichapwa katika magazeti, watu wengi wakakasirika, na waangalizi wa chuo wakamkatalia mkuu wao, wakaamuru kwamba asizuiwe mtu kwa ajili ya rangi yake.

Kwa habari ya Wayahudi vile vile, shauri la Lowell lilivuja, likajulikana nchi nzima. Kamati ya waalimu 13 ikawekwa kulichunguza, na mwezi wa Aprili 1923 ikatoa jibu, ya kwamba chuo kisibague kabila wala dini. Tena kamati ilitaka wavulana wa miji ya mbali, kusini na magharibi, wapate kuja. Kwa hiyo ikaruhusu wale walio katika sehemu moja ya saba iliyo bora ya darasa lao waingie bila mtihani. Jibu hili lilisifiwa na wengi. Lakini watoto wa Wayahudi walikuwa miongoni mwa walio bora katika shule zao, na mwaka 1925 hesabu yao ikapanda, ikawa 27 na zaidi katika kila 100.

SHAURI LA SIRI LASHINDA

Lowell hakuchoka, ila alijifunza. Mwaka 1926 chuo kiliweka desturi mpya. Kwanza, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasizidi 1,000. Pili, kuchaguliwa kusitegemee mtihani tu, bali kutazamwe pia tabia ya kijana, nafsi yake, na jinsi anavyofaa. Tatu, mwombaji alete picha yake, na barua za watu wanaomjua, na pengine aonane na wachaguzi uso kwa uso. Hakuna mahali palipoandikwa neno Myahudi. Hakuna mahali palipoandikwa 15. Walakini wenye kuchagua walikaa ndani, wakatazama picha na majina, na hesabu ya Wayahudi ikashuka hata kufika karibu 15 katika 100 au chini yake, yaani pale pale alipopataka Lowell mwaka 1922.

Vyuo vya Yale na Princeton navyo vilishika njia ya namna hiyo. Yale ikaongeza jambo moja: mwaka 1925 ilikata shauri kwamba hesabu ya wanafunzi ikiwekewa mwisho, mwisho huo usimzuie mtoto wa mtu aliyesoma Yale, mradi ametimiza masharti ya kuingia. Hivyo nafasi ya chuo ikawa kama mnazi wa urithi: baba alipanda, mwana achume.

Msomaji asituelewe vibaya. Hatusemi kwamba tabia si kitu. Kila mwalimu ameona kijana wa maksi nyingi aliyekuja kuwa mwizi wa fedha za chama, na kijana wa maksi za kadiri aliyekuja kuwa nguzo ya kijiji. Tabia ni kitu kikubwa kuliko Kilatini. Twasema hili tu: mtihani una kipimo ambacho aliyeshindwa aweza kukidai akione, lakini "kufaa" hakuna ajuaye urefu wake ila yeye apimaye. Kijana wa Kiyahudi wa mwaka 1927 aliyekataliwa hakuambiwa, "Wewe ni Myahudi." Aliweza kuambiwa tu kwamba wamepatikana waliofaa zaidi. Angemjibu nani?

MTIHANI WARUDI, PAZIA LABAKI

Mwaka 1933 Lowell alistaafu, na James Bryant Conant, mwalimu wa kemia, akashika mahali pake. Huyu hakutoka katika nyumba za wakuu wa Boston, naye alitaka kutafuta vijana wenye akili popote walipo. Mwaka 1934 alianza kutoa misaada ya ada kwa vijana wa majimbo ya mbali. Akatumia mtihani mpya uitwao SAT, ambao haukuuliza Kilatini wala Kiyunani, bali ulijaribu kupima akili ya kufahamu maneno na kukata hesabu. Mmoja wa waliopata msaada huo, mwaka 1935, ni James Tobin wa jimbo la Illinois; naye mwaka 1981 alipewa Tuzo ya Nobel kwa elimu ya uchumi. Bila njia ile huenda asingaliujua mlango wa Harvard.

Lakini mtihani huo nao ulikuwa na habari zake. Aliyeusimamia ulipofanywa mara ya kwanza mwaka 1926, kwa watahiniwa yapata 8,000, ni Carl Brigham wa Princeton. Mwaka 1923 Brigham alikuwa ameandika kitabu akidai kwamba watu wa kaskazini ya Ulaya wamezaliwa na akili kuliko wengine. Mwaka 1930 yeye mwenyewe aliandika kwamba maneno yale hayakuwa na msingi. Tena, wazazi wenye fedha hawakukawia kujua kwamba mtihani huu nao waweza kufundishwa. Mnamo 1946 Stanley Kaplan, mwana wa wahamiaji Wayahudi, alianza kuwafundisha watoto wa Brooklyn jinsi ya kuushinda. Yeye aliwafundisha watoto wa jirani zake. Lakini kazi ile ikakua, ikawa biashara kubwa, na wenye fedha ndio walioinunua zaidi.

Jambo jingine ni hili: Conant aliuleta mtihani, lakini kamati ya wachaguzi hakuiondoa. Barua, picha na neno "kufaa" vikabaki. Hata wasichana walikawia sana kupata haki sawa. Walikuwa na chuo chao, Radcliffe, kando ya Harvard, na ni mwaka 1975 tu ofisi za kuchagua wanafunzi zilipounganishwa, wavulana na wasichana wakapimwa pamoja.

CHOMBO KILE KILE, KAZI NYINGINE

Sasa twafika mahali pa ajabu katika habari hizi. Katika miaka ya 1960 Wamarekani weusi walidai haki zao, na vyuo vingi vikaona aibu kwa kuwa na wanafunzi weusi wachache sana. Vikaanza kuwatafuta na kuwapa nafasi. Mzungu mmoja, Allan Bakke, alikataliwa na shule ya uganga ya California iliyotenga nafasi 16 katika 100 kwa watu wa makabila yaliyoonewa, naye akashtaki. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakata shauri kwamba kutenga hesabu namna hiyo hakufai. Walakini jaji mmoja, Lewis Powell, alisema kwamba chuo chaweza kuitazama rangi ya mwombaji kuwa neno moja katika maneno mengi. Na alipotaka kutoa mfano mwema, alitaja Harvard.

Tuliangalie jambo hili. Desturi ya kumtazama kijana mzima, tabia yake, kwao na mambo yake yote, iliyosimamishwa mwaka 1926 ili kuwafungia Wayahudi, sasa ilisifiwa kuwa njia ya kuwafungulia watu weusi. Chombo ni kile kile, kazi imegeuka. Jembe moja hulima shamba na huchimba kaburi.

Mwaka 2014 chama kimoja kiliishtaki Harvard kwa ajili ya wanafunzi wenye asili ya Asia, yaani watoto wa watu waliotoka Uchina, India, Korea na kwingineko. Shauri lilisikizwa mwaka 2018, na karatasi za ndani zikatolewa nje. Zikaonyesha kwamba vijana hao walikuwa na maksi nzuri kuliko wengine, lakini katika kipimo cha nafsi, yaani upole, ushujaa na kupendeza watu, walipewa alama za chini. Washtaki wakasema, "Hiki ni kibaba cha mwaka 1926." Mawakili wa chuo wakakana, wakasema hakuna nia ya kubagua, na kwamba bila kuitazama rangi, wanafunzi weusi watapungua sana. Mahakama mbili, mwaka 2019 na 2020, zikakipa chuo ushindi. Lakini tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kinyume, kwamba vyuo visitumie rangi katika kuchagua, ingawa mwombaji aweza kuandika jinsi rangi yake ilivyoyagusa maisha yake.

Wamarekani wenye hekima wamegawanyika juu ya hukumu hiyo. Wengine husema rangi isihesabiwe kabisa, maana kuihesabu ndiko kulikoleta mateso. Wengine husema mtu aliyefungwa miguu miaka mingi hawezi kuambiwa, "Sasa uko huru, shindana mbio." Kila upande una neno lake, nasi hatutaki kulimaliza shauri hilo katika ukurasa mmoja.

PENYE UDHIA PENYEZA RUPIA

Lakini liko jambo jingine lililotoka katika shauri hilo, nalo halikuhusu rangi. Karatasi zile zilionyesha kwamba katika watoto wa waliosoma Harvard walioomba, waliopokelewa walikuwa yapata 33 katika kila 100, na katika waombaji wengine yapata 6 tu. Mnazi wa urithi ungali ukichumwa. Tena mwaka 2023 wataalamu wa uchumi, Raj Chetty na wenzake, walitoa uchunguzi juu ya vyuo 12 vya namna hii. Waliona kwamba kati ya watoto wenye maksi sawa za mtihani, wale wa jamaa tajiri kabisa, mmoja katika kila 100 wa nchi, walisoma vyuoni humo mara mbili na zaidi kuliko watoto wa watu wa kadiri.

Wengine hata urithi hawakuungoja. Mwezi wa Machi 2019 serikali ya Marekani iliwashtaki watu 50 kwa hila ya kuingiza watoto katika vyuo kama Yale, Stanford na Georgetown. Mtu mmoja, William Singer, alipokea fedha za wazazi, akawahonga waalimu wa michezo, akatengeneza habari za uongo kwamba watoto wale ni wachezaji hodari, na wengine akawafanyizia mtihani wa udanganyifu. Mwezi wa Januari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Rushwa ile ilipata wapi pa kupita? Ilipita pale ambapo mtu mmoja, mwalimu wa mchezo, aliweza kusema "huyu anafaa" bila kuulizwa sana.

Mwaka 2022 walioomba kuingia Harvard walikuwa 61,220, na waliopokelewa ni 1,954. Katika umati huo wako maelfu ambao wangeweza kusoma vizuri. Hata wachaguzi wangekuwa malaika, wangewaacha vijana wema nje. Hili ni neno la kuwatuliza wazazi: mtoto aliyeachwa na mlango mwembamba hakuthibitishwa kuwa mpumbavu.

TUJIFUNZE NINI?

Wako wasemao, "Basi na tufuate mtihani tu, tuache mengine." Lakini tumeona jinsi mtihani wa Kilatini ulivyowaacha maskini nje bila kumtaja maskini hata mmoja. Wako wasemao, "Basi tuufute mtihani." Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, vyuo vingi, Harvard mojawapo, viliacha kuwalazimisha waombaji kuleta maksi za SAT. Chuo cha Dartmouth kilipochunguza kikaona kwamba watoto wa maskini walizificha maksi ambazo zingewasaidia, kwa kudhani ni ndogo. Mwaka 2024 Dartmouth na Harvard vikatangaza kuurudisha. Kwa hiyo mtihani huumiza maskini na mtihani huokoa maskini, kadiri unavyotumiwa.

Sisi twaona kwamba fundisho la habari hizi halimo katika kuchagua kati ya mtihani na tabia. Mwaka 1923 shauri la kuwabagua Wayahudi lilisemwa barazani, watu wakalisikia, likashindwa. Mwaka 1926 jambo lile lile lilifanywa chumbani kwa maneno mazuri, likashinda, na likaendelea miaka mingi. Watu wa chuo walikuwa ni wale wale, na mkuu wao ni yule yule. Kilichogeuka ni pazia.

Haki basi yataka mambo matatu. Kwanza, masharti yajulikane kabla ya kazi kuanza, wala yasigeuzwe baada ya kuona nani ameshinda. Pili, mwenye kuchagua aweze kuulizwa sababu, naye awe na jibu ambalo haoni haya kulisema mbele ya aliyekataliwa. Tatu, tuitazame njia pamoja na mlango, maana haifai kumpima mtoto kwa somo ambalo hakupewa mwalimu wake.

Mambo haya si ya Harvard peke yake. Katika vijiji vyetu wako wazee wa kamati za shule, wako walinzi wa mfuko wa ada za yatima, wako viongozi wapelekao jina moja kati ya kumi. Ndugu zetu, ninyi nanyi mmeshika kibaba. Kabla hamjasoma jina la kwanza, andikeni masharti yenu na kuyabandika ukutani, mahali ambapo mjane naye aweza kuyasoma. Na mkiisha kuchagua, wekeni kibaba juu ya meza.